Ni Nani Mmiliki wa Moshi?

Jioni moja, katika mkutano wa elimu ya afya uliofanyika Nyasho, hatua chache kutoka sokoni, nilisimama kuzungumzia magonjwa ya njia ya hewa. Nilikuwa nimejiandaa kusema juu ya moshi wa jikoni, pumu ya watoto na kikohozi kisichokwisha. Kwa kuwa siku zile habari za makaa ya mawe ya Ludewa na Mbinga zilikuwa zikisikika redioni, niligusia pia mitambo inayofua umeme kwa kuchoma makaa hayo. Nilipomaliza, mzee mmoja, mvuvi aliyekwisha kustaafu, aliinua mkono. Hakuuliza juu ya mapafu. Aliuliza: "Daktari, mitambo hiyo ikijengwa, itakuwa mali ya nani?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba mambo ya umiliki ni ya wachumi na wanasheria, na kwamba mimi kazi yangu ni mapafu. Mzee aliitikia kwa adabu, akaketi. Mkutano ukaendelea, lakini swali lake halikuniacha. Nimekuja kutambua kwamba yeye ndiye aliyekuwa amezungumza kitabibu siku ile, na mimi ndiye niliyekwepa mada. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa.

Ninachokusudia kukieleza ni hiki: swali la umiliki wa mitambo ya makaa ya mawe ni swali la afya ya jamii. Hati za ubia hugawa hisa, gawio na viti vya bodi. Hakuna hati inayogawa kikohozi, kiharusi wala mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu. Vitu hivyo havina mmiliki kwenye karatasi. Na kisicho na mmiliki kwenye karatasi huishia kuwa mali ya jirani. Nchi yetu ina makaa mengi ardhini na ina mipango ya miaka mingi ya kuyafulia umeme. Ni vema tukaamua mapema ni nani atakayemiliki moshi, kabla hatujaamua ni nani atakayemiliki mitambo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, maana katika lugha ya kila siku watu huchanganya mkaa na makaa ya mawe. Mkaa unaouzwa kwa debe na gunia pale Nyasho ni mti uliochomwa. Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea ya kale yaliyogandamizwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Katika kituo cha kufulia umeme makaa hayo husagwa kuwa unga, hupulizwa katika tanuru, hutokota maji kuwa mvuke, na mvuke huzungusha mtambo unaozalisha umeme. Kituo cha megawati 1,000 huteketeza maelfu ya tani za makaa kwa siku moja. Yanayobaki ni mambo mawili: majivu yanayorundikwa karibu na kituo, na moshi unaopanda dohani.

Ndani ya moshi huo mna gesi za salfa na naitrojeni, zebaki, na chembechembe laini ambazo kipenyo chake hakifiki mikromita 2.5. Unywele wa binadamu una upana wa takriban mikromita 70. Kwa hiyo chembe hizo hazionekani kwa macho, wala vinyweleo vya pua haviwezi kuzizuia. Hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Ndiyo maana moshi haudhuru mapafu peke yake. Huchochea mshtuko wa moyo, kiharusi na saratani ya mapafu, huzidisha pumu, na kwa mama mjamzito huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachokipendekeza cha chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka, kwa sababu madhara yalionekana hata pale ambapo hewa ilidhaniwa kuwa safi.

Zebaki nayo ina safari yake. Hutoka na moshi, huanguka pamoja na mvua, huingia majini, na huko vijidudu huigeuza kuwa aina inayojilimbikiza katika samaki. Samaki mdogo huliwa na mkubwa, na mkubwa huliwa na mtu. Anayeathirika zaidi ni mtoto ambaye bado hajazaliwa, kwa kuwa sumu hiyo huvuruga ukuaji wa ubongo. Sisi wa Mara, tunaoishi kwa sato, sangara na dagaa, na ambao tayari tuna zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, hatuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya jambo hilo. Majivu nayo huwa na aseniki na risasi. Yasipohifadhiwa katika mabwawa yaliyojengwa vizuri, sumu hizo hushuka polepole hadi kwenye maji ya visima.

Hata hivyo tabibu mkweli hawezi kuishia hapo, kwa sababu kukosa umeme nako ni ugonjwa. Zahanati isiyo na umeme haihifadhi chanjo kwa uhakika, haiendeshi mashine ya kuzalisha oksijeni, na mkunga wake humpokea mtoto kwa mwanga wa tochi au wa simu. Mama anayekaanga samaki kwa kuni au mkaa kwa sababu hana nishati nyingine huvuta moshi kila siku, karibu na uso wake, na mtoto akiwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 peke yake. Serikali yetu, katika mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwisho wa muda huo. Lengo hilo halitafikiwa bila umeme wa kutosha na wa bei nafuu.

Kwa hiyo simwambii mtu wa Nyasho kwamba umeme si muhimu. Ninamwambia kwamba umeme ni dawa, na kila dawa ina kipimo chake na madhara yake. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa kali, huuliza kama kuna nyingine iliyo salama zaidi. Nchi yetu inayo. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, linalobeba jina la mwana wa Butiama, lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa pamoja. Mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Tuna gesi asilia, tuna jua, tuna upepo, na tuna jotoardhi ambalo hatujaligusa. Makaa ya mawe si dawa pekee iliyobaki kabatini. Iwapo bado itaamuliwa yatumike, basi lazima ijulikane mapema ni nani atakayemtibu atakayedhurika.

Hapo ndipo swali la mzee linapoingia, na ndugu zetu wa Lamu, nchini Kenya, wanatusaidia kulijibu. Kwa miaka kadhaa ulikuwapo mpango wa kujenga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, katika kaunti ya Lamu, kwa gharama iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 2 za Marekani. Kingekuwa kituo cha kwanza cha aina hiyo nchini Kenya. Mji Mkongwe wa Lamu, ulio jirani, uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wakazi wengi wa visiwa hivyo ni wavuvi kama sisi.

Tuangalie jinsi umiliki ulivyopangwa. Kampuni ya mradi iliitwa Amu Power, na nyuma yake walikuwapo Gulf Energy na Centum, kampuni zenye makao yake Nairobi. Fedha nyingi zilitarajiwa kutoka katika benki kubwa ya China, ICBC. Mwaka 2018 General Electric ya Marekani ilitangaza nia ya kununua sehemu ya hisa na kuleta teknolojia yake. Makaa yenyewe yalipangwa yaanze kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, hadi yale ya Kitui yatakapochimbwa. Mnunuzi wa umeme alikuwa shirika la umeme la Kenya, kwa mkataba wa miaka 25 ambao ulimtaka alipie uwezo wa mitambo hata pale ambapo umeme wake hautahitajika. Kwa maneno mengine, hatari ya biashara ilikwisha kuhamishiwa kwa mwananchi anayelipa bili.

Na mtu wa Lamu alipewa nini katika mgawanyo huo? Dohani iliyopangwa kupanda hadi mita 210, maji ya moto yanayorudishwa baharini wanakovua, na rundo la majivu karibu na pwani. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya iliupa mradi leseni. Wakazi, kupitia jumuiya yao ya Save Lamu, walipeleka shauri kwenye baraza la kitaifa linalosikiliza mashauri ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo liliifuta leseni. Sababu zake zinapaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa afya ya jamii: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, hasa baada ya matokeo ya tathmini kupatikana, yaani pale ambapo kungekuwa na jambo la kweli la kujadili, na sheria ya mabadiliko ya tabianchi haikuzingatiwa. Baadaye mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitenga na mradi. Mwaka 2020 ICBC nayo ikajitoa, na General Electric ikatangaza kwamba haitajenga tena mitambo mipya ya makaa.

Ninaloliona katika kisa hicho ni wepesi wa kuondoka. Benki iliondoka kwa barua. Kampuni ya teknolojia iliondoka kwa tangazo. Laiti kituo kingekuwa kimekwisha kujengwa na kuwashwa, wote hao bado wangeweza kuondoka kwa kuuza hisa zao, na asiyeweza kuondoka angekuwa mvuvi, kwa sababu yeye hisa yake ni bahari na hewa, na hizo haziuziki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina sharti ndani yake: kipimo cha mgeni ni kupona kwa mwenyeji. Mgeni ambaye akija mwenyeji anaugua, hata akileta zawadi kubwa namna gani, hajatimiza sharti.

Wapo watakaosema: basi tiba ni mitambo imilikiwe na Serikali, maana Serikali ni sisi wenyewe. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Afrika Kusini hupata sehemu kubwa mno ya umeme wake kutokana na makaa ya mawe, na shirika linaloufua, Eskom, ni la umma tangu lilipoanzishwa mwaka 1923. Vituo vyake vingi vimekusanyika katika jimbo la Mpumalanga. Umma wa nchi hiyo ndio mmiliki. Lakini umma ulioko Mpumalanga ndio unaovuta moshi. Mwezi Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba hewa chafu ya ukanda ule inavunja haki ya wakazi ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya zao, haki iliyoandikwa katika kifungu cha 24 cha katiba yao. Walioishtaki Serikali walikuwa raia wake wenyewe.

Somo la Mpumalanga ni gumu lakini la lazima. Mwenye mali anapokuwa pia ndiye msimamizi wa sheria, mkono wake huwa mzito kujiadhibu. Serikali inayosubiri gawio kutoka katika kituo cha umeme haina haraka ya kukizima kwa sababu chujio la moshi limeharibika. Umiliki wa umma una faida zake nyingi, lakini bendera ya taifa juu ya lango haisafishi hewa. Kinachosafisha hewa ni vichujio vinavyofanya kazi, vipimo vinavyosomwa, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "zimeni" ambaye mshahara wake hautegemei umeme huo.

Turudi nyumbani. Tanzania haijawa na kituo kikubwa cha makaa ya mawe, lakini historia yetu ya umiliki wa makaa imekwisha kuandika sura kadhaa. Mgodi wa Kiwira, kusini magharibi mwa nchi, ulijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1988, ukiwa na kituo chake kidogo cha umeme. Mwaka 2005 sehemu kubwa ya hisa iliuzwa kwa kampuni binafsi, Serikali ikibaki na asilimia 30. Baada ya mijadala mikali bungeni na malalamiko ya wafanyakazi juu ya mishahara yao, mgodi ulirudishwa serikalini na hatimaye kukabidhiwa STAMICO. Ngaka, wilayani Mbinga, kampuni ya Tancoal ilianzishwa kwa ubia ambao Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilipewa asilimia 30 na mbia kutoka Australia asilimia 70. Mchuchuma, wilayani Ludewa, mkataba wa mwaka 2011 uliipa kampuni ya Sichuan Hongda ya China asilimia 80 na NDC asilimia 20, na ndani yake mlikuwa na kituo cha kufua umeme cha megawati 600. Kituo hicho hakijajengwa, na wakazi waliotakiwa kupisha mradi walisubiri fidia zao kwa miaka mingi.

Mjadala wetu wa kitaifa juu ya miradi hiyo umekuwa daima mjadala wa asilimia. Asilimia 20 ni ndogo, tudai 30. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria zinazotamka mamlaka ya kudumu ya wananchi juu ya rasilimali zao na kuliwezesha Bunge kupitia masharti hasi katika mikataba. Na Serikali ikapewa haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji, bila kuzilipia. Haya ni mafanikio, na sitayabeza. Lakini katika hesabu zote hizo tumekuwa tukiulizana ni kiasi gani cha faida kitakuwa chetu. Hatujaulizana ni kiasi gani cha madhara kitakuwa cha mwenzetu. Mwenye asilimia 80 ya gawio anabeba asilimia ngapi ya wagonjwa?

Msomaji wa Nyasho anaweza kuniuliza kwa nini tujisumbue, ilhali Ludewa ni mbali. Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba somo hili tumekwisha kulisoma hapahapa mkoani, kwa madini mengine. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioko Tarime, umepita mikononi mwa Placer Dome, kisha Barrick mwaka 2006, kisha African Barrick Gold, ambayo baadaye ilijiita Acacia, kisha tena Barrick mwaka 2019, na sasa uko chini ya ubia wa Twiga ambamo Serikali ina asilimia 16. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini hadi katika mto Tigithe. Tangu siku ile jina la mwenye mgodi limebadilika zaidi ya mara moja. Tigithe umebaki Tigithe, unaingia mto Mara, na mto Mara unapita Kirumi kuja katika ziwa letu. Maji hayajui habari za kuuziana hisa. Mtu aliyekunywa mwaka fulani na kuugua miaka mingi baadaye, akienda kudai, atagonga lango la nani?

Swali hilo ni zito zaidi kwa makaa ya mawe, kwa sababu madhara yake ya kitabibu huchelewa. Kampuni inaweza kumiliki kituo kwa miaka 10, ikachuma, ikauza, ikasahaulika. Saratani ya mapafu huweza kuchukua miongo kadhaa kujitokeza. Umiliki wa hisa ni wa muda mfupi. Umiliki wa ugonjwa ni wa maisha.

Jibu la pili ni kwamba sote tumekwisha kuwa wabia. Mwaka 2023 nchi yetu ilipata sheria ya bima ya afya kwa wote. Sheria hiyo ni hatua kubwa, na maana yake ni kwamba matibabu ya mgonjwa wa Ludewa yatalipwa na mfuko mmoja ambamo mchango wa muuza dagaa wa Nyasho pia umo. Kila chujio ambalo mwekezaji hakulifunga ili kupunguza gharama, gharama yake haijapungua. Imehamishwa tu kutoka katika vitabu vyake kwenda katika mfuko wetu. Mfuko wa bima utakuwa mbia wa kimya wa kila kituo cha makaa ya mawe: utalipa, lakini hautaketi katika bodi.

Je, gharama hiyo ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2007 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha makadirio kwamba, barani Ulaya, kila terawati-saa moja ya umeme wa makaa ya mawe iliambatana na takriban vifo 24 vinavyotokana na uchafuzi wa hewa, na kwa gesi asilia vifo visivyozidi 3. Siwezi kuichukua hesabu ya Ulaya na kuipandikiza Ludewa, kwa kuwa idadi ya watu, upepo na aina ya vichujio hutofautiana. Lakini uwiano wake unaeleza vya kutosha ni ipi kati ya dawa hizi iliyo kali. Na upo ushahidi wa kututia moyo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023 ulikadiria kwamba nchini Marekani chembechembe kutoka vituo vya makaa zilihusishwa na vifo 460,000 kati ya mwaka 1999 na 2020, lakini idadi ya kila mwaka ilishuka mno kadiri vituo vilivyofungwa vichujio au kuzimwa. Vifo hivyo si kudura. Ni uamuzi wa mtu juu ya matumizi ya fedha.

Ninapendekeza, basi, mambo manne yawe masharti ya umiliki kwa kituo chochote cha makaa ya mawe kitakachojengwa nchini, kiwe cha mgeni, cha mzawa au cha umma.

Kwanza, kabla jiwe la msingi halijawekwa, afya ya wakazi wa jirani ipimwe: mapafu ya watoto, shinikizo la damu la watu wazima, uzito wa watoto wanaozaliwa, zebaki katika samaki na metali nzito katika visima. Kazi hiyo ifanywe na chuo kisicholipwa moja kwa moja na mwekezaji, na matokeo yasomwe hadharani kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji. Bila kipimo cha mwanzo, hakuna mahakama itakayoweza kujua ni nini kilichoongezeka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira. Ndani yake afya isiwe aya moja, iwe sura kamili, na mganga mkuu wa mkoa aitie saini.

Pili, dhima ifuate kituo, isifuate jina la kampuni. Hisa zikiuzwa, anayenunua anunue na madeni ya kiafya, na anayeuza asiachiliwe mpaka hesabu ifungwe. Wamiliki wanaonufaika, yaani watu wa damu na nyama walio nyuma ya majina ya kampuni, wajulikane kwa wakazi kama wanavyopaswa kujulikana kwa msajili.

Tatu, iwekwe amana. Sheria ya madini tayari inamtaka mwenye mgodi mkubwa aweke dhamana ya kuirudisha ardhi katika hali njema. Kama shimo linastahili dhamana, pafu linastahili pia. Sehemu ya bei ya kila uniti ya umeme huo iingie katika mfuko wa bima ya afya, ili mbia wa kimya naye apate chochote.

Nne, vipimo vya dohani viwe mali ya umma. Kiwango cha chembe na gesi kinachotoka kila siku kibandikwe katika ofisi ya kijiji, kama bei za mazao zinavyobandikwa, na mwenye mamlaka ya kuzima mitambo awe mtu asiye na hisa ndani yake.

Najua pingamizi litakalokuja: masharti haya yatawakimbiza wawekezaji. Labda. Lakini mwekezaji anayekimbia kwa sababu ameombwa alipie moshi wake ametueleza ukweli juu ya bei ya umeme wake, yaani kwamba ulikuwa nafuu kwa sababu sisi tungelipia nusu yake hospitalini. Wapo pia watakaosema kwamba Ulaya ilitajirika kwa makaa ya mawe na sasa inatuzuia. Kuna ukweli katika hilo, na mchango wetu katika joto la dunia ni mdogo mno ukilinganisha na wao. Lakini mimi sizungumzii joto la dunia hapa. Nazungumzia mtoto anayeishi umbali wa kilomita 3 kutoka kwenye dohani. Uingereza, iliyowatangulia wengine kwa makaa, ilizika maelfu ya watu wa London baada ya moshi mzito wa Desemba 1952, ikatunga sheria ya hewa safi mwaka 1956, na ikazima kituo chake cha mwisho cha makaa Septemba 2024. Haki ya kurudia makosa ya tajiri si urithi wa kugombania.

Wala masharti haya si mageni katika sheria yetu. Ibara ya 14 ya katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Mwaka 1991, wakazi wa Kunduchi Mtongani walipoishtaki halmashauri ya jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga taka karibu na makazi yao, Mahakama Kuu iliona kwamba haki hiyo inakiukwa pale mazingira yanapofanywa kuwa hatari kwa uhai. Mtu hahitaji kuwa na hisa ili awe na haki juu ya hewa anayoivuta.

Mzee wangu wa Nyasho, kama makala hii itakufikia, pokea jibu lililochelewa. Uliniuliza mitambo hiyo itakuwa mali ya nani. Mitambo itakuwa ya yule ambaye jina lake limeandikwa katika mkataba, na jina hilo linaweza kubadilika kesho. Moshi, tusipoandika chochote, utakuwa wako. Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa taaluma ya tiba tusiwaachie tena wachumi na wanasheria peke yao meza ya mikataba, na nawaomba wananchi wa Ludewa, wa Mbinga na wa Mara waulize swali lako kila mgeni anapobisha hodi, na wasiketi mpaka wajibiwe.